Anayehakiki DVD aikague lugha, si hadithi pekee

Mwezi jana mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili alinikabidhi kazi ya kurasa saba. Nilikuwa nimeagiza darasa zima liandike tahakiki ya filamu au kipindi cha runinga kilichotolewa katika DVD, kurasa nne tu. Yeye aliandika saba, na zote saba zilikuwa zinasimulia The Lion King, kuanzia jua linapochomoza hadi mwanasimba mwingine anapoinuliwa juu ya jabali. Hakusaza hata kifo cha Mufasa. Kiswahili chake kilikuwa sanifu, hijai zimekaa sawa, methali mbili tatu zimepachikwa mahali pake. Nikamwita ofisini nikamuuliza swali moja tu: umetazama toleo gani?

Akanikodolea macho. "Mwalimu, kwani si movie ni ile ile tu?"

Sikumcheka. Swali hilo nimelisikia pia kwa watu wazima, tena wasomi, ambao wakiombwa wazungumzie filamu iliyotoka katika DVD hukimbilia kueleza nani alimpenda nani na nani aliuawa mwishoni. Ila filamu aliyoichagua kijana huyu iliingia sinemani mwaka 1994. Hadithi yake si habari tena. Kama kuna jipya la kumwambia msomaji anayetaka kutoa pesa zake, liko ndani ya kasha: picha imesafishwa au imeachwa na mikwaruzo yake, kuna kilichoongezwa au kuondolewa, sauti ni za lugha zipi, na maandishi yanayopita chini ya picha yametafsiriwa na mtu anayejua lugha au na mtu aliyekuwa na haraka.

Neno la kushika hapa ni toleo. Sisi watu wa fasihi tunalijua vizuri tunaposhughulika na vitabu. Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa karne ya 19, yalihaririwa na William Hichens yakachapishwa kama diwani mwaka 1940. Mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa kitabu chake kuhusu mshairi huyo huyo, chenye mashairi, tafsiri ya Kiingereza na maelezo marefu kuhusu Mombasa ya wakati ule. Mhakiki aliyekipokea kitabu cha Abdulaziz hakuwa na haja ya kutuambia Muyaka alisema nini. Muyaka alikuwa amekwisha kusema. Kazi yake ilikuwa kuuliza kama maneno ya Kimvita yamesomwa ipasavyo, kama tafsiri inabeba mafumbo, na maelezo yanamsaidia nani. Ajabu ni kwamba mhakiki yuyo huyo, ukimpa DVD, husahau maswali hayo yote.

Hebu tuitazame The Lion King yenyewe, kwa kuwa ni mfano mzuri kuliko kijana alivyodhani. Kanda yake ya video ilitolewa Marekani Machi 1995 ikauza zaidi ya nakala milioni 30, na kwa miaka mingi hakuna kanda nyingine iliyoifikia. Oktoba 2003 ikatoka DVD ya kwanza, diski mbili katika kasha moja. Katika toleo hilo palitiwa wimbo ambao haukuwamo sinemani 1994, ule ambamo ndege Zazu anampa mfalme taarifa ya asubuhi. Wimbo huo ulikuwa umetungiwa mchezo wa jukwaani wa Broadway wa 1997, kisha wachoraji wakauchorea picha mpya na kuuingiza ndani ya filamu ya zamani. Mtazamaji aliweza kuchagua kuona filamu pamoja na wimbo au bila wimbo. Lilipokuja toleo la Blu-ray la 2011, wimbo ukatolewa katika filamu.

Kwa hiyo watu wawili wanaweza kubishana barazani kuhusu kipande kimoja cha filamu, mmoja akiapa kukiona na mwenziwe akiapa hakipo, na wote wawili wakawa wakweli. Tahakiki inapaswa kuwasuluhisha watu hawa. Kurasa saba za mwanafunzi wangu zisingewasaidia kitu.

Sasa niingie katika lugha, ambayo ndiyo iliyonitia hamu ya kuandika makala haya.

Majina ya wahusika wa filamu hii ni yetu. Simba ni simba. Rafiki ni rafiki. Sarabi ni mazigazi, yale maji ya uongo yanayoonekana jangwani wakati wa jua kali. Pumbaa ni kitenzi cha kuzubaa na kuduwaa, na ngiri yule kwa hakika ameduwaa. Shenzi sihitaji kueleza. Nala, kwa watu wa pwani, ni sentensi kamili: mtu akipigiwa simu saa saba mchana anaweza kujibu "nala" na mwenzake akajua amemkatiza chakula. Ile kauli ya kutokuwa na matata, ambayo waongozaji watalii wetu huitamka mara hamsini kwa siku, kampuni ya Disney iliisajili Marekani kama alama ya biashara ya fulana, jambo lililozua kelele nyingi mwishoni mwa 2018.

Lakini fungua orodha ya lugha. DVD ya 2003 niliyo nayo, iliyotengenezewa soko la Marekani, ina sauti za Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Basi. Simba haongei Kiswahili, wala Rafiki, wala Shenzi. Nafasi haikuwa tatizo, maana DVD kwa umbo lake ina nafasi ya njia 8 za sauti na njia 32 za maandishi. Wala haikuwa kwamba lugha za Afrika haziwezi kutiwa kinywani mwa wanyama hawa, kwani mwaka ule ule wa 1994 filamu hiyo ilitiwa sauti za Kizulu kwa ajili ya watazamaji wa Afrika Kusini, na Kizulu ndicho kinachosikika katika wito unaofungua filamu, kazi ya Mwafrika Kusini Lebo M. Kiswahili kilifaa kwa majina. Mazungumzo yakapelekwa kwingine.

Hili ndilo lililofaa kuwa katika ukurasa wa kwanza wa tahakiki ya mwanafunzi wangu. Mtu wa Voi au Lamu anayemnunulia mjukuu wake diski yenye jina "Simba" juu ya kasha ana haki ya kuambiwa mapema kwamba mjukuu hatasikia sentensi hata moja ya lugha yake. Asiye na Kiingereza atalazimika kukaa kando ya mtoto amfasirie. Nadhani wengi wetu tulikulia katika utaratibu huo: kaka mmoja aliyefika kidato cha nne ndiye aliyekuwa manukuu ya nyumba nzima.

Manukuu. Neno hili limeenea siku hizi katika simu na mitandao kwa maana ya maandishi yanayopita chini ya picha, nami nalitumia kwa shingo upande. Kunukuu ni kuchukua maneno ya mtu kama yalivyo. Anayeandika maandishi ya filamu hafanyi hivyo, tena hawezi. Ana mistari miwili, kila mmoja herufi 40 hivi, na sekunde chache kabla mhusika mwingine hajafungua mdomo. Kwa hiyo hupunguza, huunganisha, huruka. Mama mkwe akifoka maneno thelathini kwa mkupuo mmoja, mtazamaji husoma kumi. Ni muhtasari uliovaa nguo za nukuu. Hata hivyo, sioni faida ya kupigana na neno ambalo watu wamekwisha kulizoea, mradi mhakiki akumbuke kwamba akikagua manukuu anakagua uamuzi wa mtu: nini kimeachwa, na kwa nini.

Mfano. Kiambishi chetu cha nafsi ya tatu umoja hakimtaji mwanamume wala mwanamke. Chukua filamu ya upelelezi ya Kiswahili. Shahidi amekaa mbele ya askari anasema: "Alikuja usiku wa manane, akaniambia ninyamaze." Sisi tunaosikia hatujui kama muuaji ni mume au mke, na pengine mwandishi amejenga mashaka yake yote juu ya kiambishi hicho kimoja. Mtu wa manukuu ya Kiingereza hana pa kujificha. Lazima achague. Akiweka kiwakilishi cha kike, mtazamaji wa Toronto amekwisha kumjua muuaji dakika ya ishirini, ilhali wa Kakamega bado anakisia. Fundi mzuri ataizunguka sentensi: ataandika kwamba "mtu alikuja", au kwamba mlango uligongwa. Fundi mbaya ataua filamu kwa neno moja, na sauti zote zikiwa safi na picha ikimetameta.

Ukigeuza upande wa pili, matatizo ni mengine. Kiingereza kinamwita kila mtu kwa nafsi moja, awe hakimu, mke, au mbwa. Anayekileta katika Kiswahili lazima aamue nani anamwamkia nani shikamoo, nani ni mzee na nani ni bwana mdogo, ni wewe au ni nyinyi. Shikamoo yenyewe ikivuka kwenda Kiingereza hugeuka kuwa salamu ya kawaida tu, kana kwamba kijana amepunga mkono barabarani. Heshima imebaki upande huu wa mpaka.

Filamu yetu wenyewe inaonyesha jambo hili kwa uchungu zaidi. Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Tosh Gitonga, ndiyo kazi ya kwanza ya Kenya kuwasilishwa kuwania Oscar katika kitengo cha lugha za kigeni, na Joseph Wairimu aliyeigiza Mwas alituzwa kuwa mwigizaji bora katika tamasha la Durban. Wahusika wake wanahama kutoka Kikuyu hadi Kiswahili, Sheng na Kiingereza, wakati mwingine ndani ya pumzi moja. Kuhama huko ndiko maisha ya Mwas: anachosema nyumbani kijijini, anachosema mbele ya genge lake la vijana wa mjini, anachojaribu kusema mbele ya watu wa jukwaani wenye Kiingereza cha kuringa. Sasa yasome manukuu ya Kiingereza. Kikuyu, Kiswahili na Sheng vyote vimekuwa Kiingereza kimoja, herufi zile zile, rangi ile ile. Mtazamaji wa Berlin anafuata hadithi bila taabu, ila hasikii mlango ukifunguka na kufungwa kila Mwas anapobadilisha lugha. Zipo njia za kumsaidia. Maandishi ya mlazo yanaweza kutumika kwa lugha moja, au jina la lugha likawekwa katika mabano ya mraba mwanzoni mwa tukio. Hizi si gharama kubwa. Ni suala la kuwa na mtu katika chumba cha uhariri anayejua kwamba Sheng si Kiswahili kilichokosewa.

Na nilipokuwa nikiirudia filamu hiyo, nilitambua kitu ambacho kilinipita mara ya kwanza. Mwas, kabla hajapanda basi kwenda Nairobi, anachuma riziki kwa kuuza DVD za filamu za mapigano kijijini kwao. Anaziuzaje? Anaziigiza. Anasimama mbele ya wateja akirusha mateke na kubadilisha sauti mpaka watu watoe pesa. Huyo ni mhakiki wa DVD! Anajua bidhaa yake, anajua lugha ya mnunuzi, na kosa likitokea mteja atamrudia kesho yake uso kwa uso. Sisi wa magazetini hatuna presha hiyo.

Nyuma ya Mwas kuna mapokeo mazima ambayo uhakiki wetu umeyapa kisogo. Jijini Dar es Salaam, Derek Mukandala aliyejulikana kama Lufufu alichukua filamu za kigeni katika kanda za video akaingiza sauti yake ya Kiswahili juu ya sauti za wahusika, akasimulia, akaeleza, akatania. Msomi Mjerumani Matthias Krings ameandika kuhusu kazi zake, mojawapo ikiwa usimulizi wake wa filamu ya Kinigeria iitwayo Karishika. Uganda wanao wasimulizi wao wa Kiganda. Na hapa Kenya nani asiyemjua DJ Afro? Kuna vijana ambao hawajawahi kumsikia Jackie Chan kwa sauti yake mwenyewe, na hawaoni walichokosa.

Tukiihukumu diski ya namna hii kwa mizani ya tafsiri, itaanguka dakika ya kwanza. Msimulizi anawapa wahusika majina ya mtaani kwao, anataja bei ya unga katikati ya vita vya samurai, na pale asipoelewa Kichina anabuni. Lakini hiyo si tafsiri, ni masimulizi, na masimulizi yana mizani yake. Mimi huuliza mambo matatu au manne hivi. Msimulizi anajua wakati wa kunyamaza? Maana kuna anayezungumza juu ya kilio, juu ya muziki, hata juu ya kimya ambacho mwongozaji alikilipia kwa jasho. Sauti ya asili imeachwa kiasi cha kusikika, au imezimwa kabisa? Kiswahili chake kinaeleweka na mama wa Kitui aliyepita sebuleni, au ni Sheng ya mtaa mmoja ambayo baada ya miaka mitano itahitaji manukuu yake yenyewe? Na mwisho, anaongeza nini? Kuna msimulizi anayekutajia kile unachokiona, "jamaa anaingia, jamaa anatoka", na kuna yule anayekwambia kwa nini jamaa hana budi kutoka. Wa pili ni msanii.

Suala la sheria siliruki. Nakala nyingi za namna hii huuzwa bila idhini ya mwenye filamu, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 haina utani na jambo hilo. Mhakiki aseme wazi kama anachokihakiki ni nakala halali. Ila kusema ni haramu na kusema ni duni ni kauli mbili tofauti, nami nimechoka kusoma wanaozichanganya.

Kuna mambo ya kiufundi ambayo mhakiki wa Kiswahili huyakwepa kwa kudhani si ya lugha. Nitayapitia upesi. Diski nyingi zina nambari ya eneo: Marekani ni 1, Ulaya Magharibi ni 2, na sehemu kubwa ya Afrika, Kenya ikiwemo, tumewekwa 5 pamoja na India na Urusi. Shangazi akikuletea diski kutoka London na mashine yako haijafunguliwa na fundi, utabaki kulitazama kasha. Kisha kuna mwendo wa picha. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, lakini mfumo wa PAL uliotumika kwetu na Ulaya huonyesha 25, kwa hiyo filamu ya dakika 120 huisha kwa dakika 115 hivi. Niliwahi kusoma mtu akilalamika kwamba "serikali imekata dakika tano". Hakuna aliyekata. Wahusika wamezungumza upesi zaidi kidogo, na sauti zao zimepanda juu kidogo, basi.

Runinga nayo? Hapa ndipo roho inaponiuma, na hapa msomaji aniwie radhi nikikaa kidogo.

Kipindi cha runinga kikitolewa katika DVD, mhakiki hukagua vitu ambavyo filamu haina: je, sehemu zote zimo, zimepangwa kwa mfuatano uliorushwa hewani, muziki ni ule ule? The Wonder Years ya Marekani iliisha kurushwa 1993, lakini mkusanyiko wake kamili wa DVD haukutoka hadi 2014, kwa sababu kila wimbo uliosikika nyuma ya mazungumzo ulikuwa na mwenyewe wa kulipwa. Wahakiki waliopokea mkusanyiko huo walikaa na kalamu wakihesabu nyimbo.

Mfano unaonigusa zaidi ni Doctor Who ya Uingereza. Shirika la BBC lilifuta kanda nyingi za miaka ya 1960 ili zitumike tena, au kwa kuona hazina kazi. Lakini nakala zilikuwa zimeuzwa kwa vituo vya runinga vya nchi nyingine, zikiwemo za Afrika. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba sehemu 9 zilizodhaniwa kupotea kabisa zimepatikana mjini Jos, Nigeria, katika ghala la kituo cha runinga. Kufikia Februari 2014 mikasa miwili ilikuwa imekwisha kutolewa katika DVD. Mmoja, The Web of Fear, ulikosa sehemu ya tatu, ambayo haikupatikana. Watengenezaji hawakuificha aibu hiyo. Sauti ya sehemu hiyo ilikuwepo, kwa kuwa watazamaji wa wakati ule walikuwa na tabia ya kurekodi sauti ya runinga wakiwa nyumbani, kwa hiyo diski inakuchezea sauti huku ukiona picha za mnato moja baada ya nyingine.

Nikisoma tahakiki za diski hiyo huwaza Vitimbi na Vioja Mahakamani. Niwaze tu, maana sijawahi kushika mkononi kasha la DVD lenye Vitimbi vya miaka ya mwanzo, vikiwa vimepangwa kwa tarehe, na majina ya waigizaji, na manukuu. Vipande vipo mitandaoni, hivi na vile, kimoja kimekatwa kichwa na kingine mkia. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015 na ambaye taifa zima lilimwita Mzee Ojwang, alikuwa Mkikuyu aliyeigiza lafudhi ya Mjaluo kwa ustadi uliowafanya watu wengi waamini ndivyo alivyozaliwa. Mama Kayai alimjibu kwa Kiswahili chake. Katika Vioja, washtakiwa walifika kizimbani kila mmoja na Kiswahili cha kwao, na kicheko kilitoka humo: katika sentensi iliyopinda, katika neno la lugha ya mama lililoteleza mbele ya hakimu.

Hicho ni Kiswahili cha Kenya kikizungumzwa na Wakenya, miaka nenda miaka rudi, kikiwa kimerekodiwa. Mwanafunzi wa isimu anayetaka kujua lafudhi zetu zilichekwaje miaka thelathini iliyopita, na nani alichekwa, hana kitabu cha kufungua. Angekuwa na kasha hilo. Na mhariri wa kasha hilo angekutana na tatizo tamu kuliko yote niliyoyataja: unaandikaje manukuu ya lafudhi? Ukiandika maneno ya Ojwang kwa Kiswahili sanifu, umemnyamazisha. Ukiandika kama anavyotamka, huenda msomaji akaona kabila zima linadhihakiwa kwa maandishi, jambo ambalo sikio lilisamehe lakini jicho halitasamehe. Mimi ningeandika sanifu na kuweka alama pale tu ambapo mzaha wenyewe unategemea matamshi. Mwenzangu mmoja wa idara ananipinga vikali, anasema kila silabi iandikwe kama ilivyotoka mdomoni. Tumebishana mara tatu sasa, chai ikipoa.

Ubishi wetu ni wa hewani kwa sababu kasha halipo. Na sehemu ya lawama ni yetu. Mchapishaji wa vitabu akichapa diwani bila maelezo, tunamwandama magazetini wiki mbili. Muuza filamu akitoa diski ya Kiswahili isiyo na jina la mfasiri, isiyo na tarehe, yenye manukuu yanayochelewa sekunde tatu nyuma ya midomo, tunaandika kwamba hadithi inasisimua na waigizaji wamejitahidi. Naye anasoma, anafurahi, anatoa nyingine kama hiyo. Katika tahakiki zote za filamu za Kiswahili nilizosoma mwaka huu, sikumbuki hata moja iliyomtaja aliyeandika manukuu. Mara nyingi hata kasha halimtaji, na hilo lenyewe lilistahili sentensi.

Mwanafunzi wangu alirudi baada ya wiki mbili. Safari hii kurasa zilikuwa tatu na nusu. Hadithi ya Simba ameimaliza kwa aya moja fupi. Ameeleza kwamba nakala aliyotazama haina kasha, ilinakiliwa na rafiki yake, kwa hiyo hawezi kuthibitisha ni toleo la mwaka gani, ila wimbo wa Zazu umo, na kutokana na hilo anakisia ni la 2003. Nilimpa alama nzuri kwa hilo "anakisia". Ameorodhesha lugha za sauti, kisha akaandika sentensi moja ambayo sikuigusa: "Jina ni Simba lakini hanguruma Kiswahili."

Hanguruma, nilimwambia, si sahihi. Ni hangurumi. Akasahihisha hapo hapo kwa kalamu.

Tulikwama mahali pamoja tu. Yale mambo ya ziada yaliyomo katika diski ya pili, mahojiano na wachoraji, vipande vilivyokatwa, michoro ya mwanzo, yeye ameyaita "vikolezo". Nilikuwa nimekwisha kuchora mstari mwekundu niandike "nyongeza", neno lisilo na kosa. Nikamuuliza amelitoa wapi. Akasema, "Kwa cucu, mwalimu. Ni vile vitu unatia kwa sufuria mwisho mwisho." Nimelifuta lile neno langu.